Kivuli cha Mto Tarach

Sogeeni karibu, wanangu, mketi upande huu wa dirisha ambako macho yangu bado yanaona, kwa sababu nina jambo moja la kusema na pumzi iliyobaki si ya kuchezea. Mimi Akoru, mjane wa Lokorio, mama yenu, nasema nikiwa na akili zangu timamu, hapa Lodwar katika nyumba ya Ebenyo, siku ya tano tangu daktari atuambie turudi nyumbani tukapumzike. Nakiru, weka simu yako hapa kifuani irekodi yote, na usikate kitu hata nikikohoa. Namuar, acha hiyo fimbo mlangoni, uketi chini. Na wewe Ebenyo, najua una miadi saa sita kule ofisini, najua karatasi iko mfukoni mwako na shati umepiga pasi, lakini nipe asubuhi hii moja, maana ninayotaka kusema yanahusu karatasi hiyo.

Msishangae kumwona Didace ameketi pale kizingitini. Mnamjua, ni yule fundi Mkongomani wa kambini Kakuma, aliyetutengenezea kitanda hiki. Nimemwita mimi. Amesafiri na kibali cha siku tatu, na ndiyo sababu nasema Kiswahili badala ya lugha yetu, ili asikie kila neno na awe shahidi. Nikishamaliza, mtu asije akasema mama alikuwa amechanganywa na dawa.

Mali yangu haitatuchukua muda. Shanga ni za Nakiru, zote, pamoja na zile za harusi. Mbuzi waliobaki ni wa Namuar, kwa sababu ndiye aliyelala nao porini miaka yote hii. Ebenyo nyumba unayo, hukuhitaji kwangu kitu isipokuwa ukweli, na ukweli nilikunyima. Lakini kile kilichokuwa mali hasa, ile ekwar yetu pale mtoni Tarach, hakipo tena, na leo mtajua kilikwenda wapi.

Didace, kwenu nasikia mtu hurithi shamba la mihogo. Sisi pale Tarach hatulimi. Kwetu mtu hurithi kipande cha ukingo wa mto, kutoka kona hii hadi kona ile, pamoja na migunga iliyosimama juu yake, na kipande hicho ndicho tunaita ekwar. Mto wenyewe hauna maji ila siku chache kwa mwaka, lakini mizizi ya migunga inajua maji yaliko. Kiangazi kikikaza, nyasi zikiisha na watu wengi wakihama, migunga ndipo inapozaa maganda yake, na mwenye ekwar huchukua ufito mrefu wenye ndoana akatikisa matawi, mbuzi wakala, wakaishi, na wakiishi wao tunaishi na sisi. Hakuna anayekata mgunga wa ekwar. Kuukata wa mwenzako ni kosa la kupigwa na wazee. Kuukata wako mwenyewe sijui adhabu yake ni nini, kwa sababu sijasikia mtu aliyefanya hivyo kabla yangu.

Ndiyo, mmenisikia vizuri. Ile miti niliikata mimi.

Nakiru, usilie, simu itachukua kilio iache maneno. Ebenyo, keti. Bado sijafika kwako.

Ili mjue ilivyokuwa, lazima nirudi mwaka ule mafuta yalipoonekana kule Lokichar. Baba yenu alikuwa mzima. Alipanda lori akaenda kujionea, akakaa miezi miwili, akarudi amekonda na mwenye hasira. Alituambia kwamba kule kusini, mtambo ukiwekwa upande huu wa korongo, vijana wa upande huu wanavalishwa kofia ngumu na kupata mshahara, na tangi la maji linaletwa hadi mlangoni, lakini watu wa upande wa pili wa korongo, ambao ni ndugu zao wa damu, wanapata vumbi la magari peke yake. Akasema, kitu kingine kikija huku kwetu, kisitupite kwa hatua mia. Wakija, watukute tayari. Aliyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata akiwa mgonjwa, na alipokufa nikabaki nayo kichwani kuliko maneno yake mengine yote.

Kisha wewe Ebenyo ukapata kazi ya kuendesha lori la mafuta kutoka Lokichar hadi Mombasa. Uliniletea jaketi la kung'aa, nikalivaa kanisani siku ya Jumapili, watu wakanicheka na mimi nikacheka nao, tukasema sasa dunia imetufikia. Malori yakaenda, yakaenda, halafu yakasimama. Wakasema ni bei, wakasema ni ugonjwa, na mwisho wake wageni wakakunja mahema yao. Redioni mtu mmoja akaeleza kwamba dunia inaacha mafuta, kwamba nchi kubwa sasa zinataka stima ya jua na ya upepo, maana moshi wa mafuta ndio umeharibu mvua. Nilimsikiliza nikiwa nimeinama kwenye mafiga napuliza kuni. Nikajiuliza, moshi gani huo? Mimi maisha yangu yote moshi niliotoa ni wa chai na wa ugali. Mvua imenikimbia kwa sababu ya magari ya watu ambao sitawaona, na yale mafuta yetu nayo, kabla hayajatupa hata bomba moja la maji, yamekuwa kitu cha aibu ambacho hakuna anayekitaka. Nilikasirika, wanangu, na hasira hiyo bado ninayo.

Lakini nikasema, kama ni jua wanalolitaka sasa, jua sisi hatukosi.

Walikuja mwaka wa ule ukame mkubwa. Namuar, ulikuwa umewapeleka mbuzi kaskazini, ng'ambo ya Lokitaung, kutafuta majani. Nakiru ulikuwa Katilu kwa mume wako, na Ebenyo ulikuwa hapa Lodwar ukizunguka na leseni yako ya lori kutafuta kazi. Nilikuwa peke yangu pale mtoni. Gari likasimama, wakashuka watu wa kampuni ya sola, na kati yao binti mmoja Mkalenjin, mpole, jina lake Chepkemoi, akiwa na chombo chake cha miguu mitatu. Nikampa chai. Akapima huku na huku, akaniambia wanatafuta mahali pa kuweka paneli nyingi sana, za kupeleka stima kambini na madukani, na kwamba penye paneli patakuwa na kazi ya walinzi, ya kufyeka, ya kufuta vumbi. Nikamwuliza, na hapa kwetu je? Akatazama juu, akatabasamu. Akasema, "Hapa ni pazuri, mama, karibu na barabara. Shida ni hiki kivuli tu."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Nimeyarudia kichwani hadi yamekwisha makali, lakini siku ile niliyasikia kwa masikio ya Lokorio. Nikaona mtambo ukiwekwa upande wa pili wa korongo, na wanangu wakila vumbi. Sikumwuliza mtu. Kuuliza kungekuwa kuomba ruhusa kwa wazee, na wazee wangekataa, na wakati wanakataa kampuni ingekwenda zake. Nikatembea hadi kambini kumtafuta mtu mwenye msumeno wa injini.

Didace, sema mwenyewe kama nadanganya. Aliniuliza mara tatu, huyu mtu. Ya kwanza akasema, "Mama, hii miti ni ya zamani sana, uko hakika?" Nikamwambia niko hakika. Ya pili akazima mashine baada ya mti mmoja tu, akauliza tena. Ya tatu akaniuliza, "Batoto yako banajua?" Nikamwambia wanajua, ndio walionituma. Kwa hiyo yeye hana kosa, na asiguswe na mtu wa ukoo wetu leo wala kesho. Ujira wake ulikuwa zile kuni, akazichoma makaa akauza kambini, kama tulivyopatana.

Wa kwanza kuanguka ni ule tuliouita Bibi, ambao nilimzaa Nakiru chini yake mvua ikinyesha. Halafu ule wa nyuki, halafu wale mapacha. Ule msumeno ulikuwa unakunywa petroli kila baada ya muda mfupi, na niliona ajabu yake siku ileile, kwamba tunakata miti kwa mafuta ili tupate stima ya jua, nikacheka peke yangu mkono mdomoni. Kwa siku nne ikawa imekwisha, miti yote iliyolisha mbuzi wa babu yenu. Nikaja huku Lodwar kwa Ebenyo nikasema naumwa, ili punda wakibeba makaa nisiwepo, na niliporudi nikaanza kufagia. Kila asubuhi nilifagia ule uwanja, nikiokota vijiti katikati ya visiki, ili watu wa kampuni wakija wakute pako safi.

Chepkemoi alikuja baada ya wiki sita. Akasimama katikati ya visiki. Kisha akaniuliza, "Mama, nani alikuambia ukate?" Nikamwambia, ni wewe. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mahali pale hapakuwa kwenye mpango hata siku moja, kwa sababu Tarach ikifurika maji yanafika pale, na paneli haziwekwi penye mafuriko. Siku ile alipotaja kivuli alikuwa anaongea tu, akisubiri chai ipoe. Akaingia ndani ya gari, nikamwona anafuta macho. Paneli zikawekwa juu kule kwenye changarawe, ambako hapakuwa na mti wa mtu yeyote.

Nipe maji kidogo, Nakiru. Hapana, usinyanyue kichwa, lowesha kitambaa tu.

Namuar, sasa nakuja kwako. Wewe ulirudi na mbuzi wakiwa mifupa, umewatembeza siku nyingi ukiwaambia, nilisikia kwa wenzako, kwamba vumilieni, kule nyumbani maganda yameiva. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mbuzi walifika mbele yako, kwa sababu wanajua njia, wakaingia ukingoni, wakaanza kuzunguka visiki. Walizunguka, wakasimama wakiangalia juu. Walikufa pale pale, siku baada ya siku, hawakutaka kuondoka, na wewe ulikuwa unawafukuza kwa mawe ukilia ili waende mahali pengine. Sijasahau hata mmoja. Ukaniuliza, "Mama, nani amefanya hivi?" Na mimi, mama yako, nikasema, sijui, nilikuwa Lodwar naumwa, nimerudi nimekuta hivi.

Kama ningesema siku ile, mngenilaani, na mngekuwa na haki. Niliogopa. Nilikuwa nimepoteza ekwar, nimepoteza mbuzi, nikaona nisipoteze na watoto. Hilo ndilo nililolifikiri, na sina maneno mazuri zaidi ya kulipamba.

Mliona nyayo za punda zinapita mlangoni kwa jirani yetu Lomunokol, kwa sababu njia ya kambini inapita hapo. Mkakumbuka kwamba yeye na baba yenu waligombania ule mgunga wa mpakani tangu mkiwa hamjazaliwa. Mkakusanya wazee. Wazee wakaniita, wakaniuliza mbele ya watu wote, mke wa Lokorio, unamshuku Lomunokol? Nilikuwa na neno moja tu la kusema, hapana, na lingetosha. Nikasema, Mungu anajua. Wazee wakachukua jibu hilo kuwa ndiyo. Ng'ombe wake dume akachinjwa akaliwa, yeye akapigwa na vijana, na ekwar yake, ile migunga tisa baada ya kona, mkapewa ninyi badala ya yetu.

Ebenyo, mwanangu wa kwanza. Ule mguu wa Lomunokol aliuvunja nani? Najua, huhitaji kunijibu. Ulimpiga kwa ajili yangu, ukafikiri unamtetea mama yako mjane, na mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi, nimejifunga shuka, naangalia. Ulimpiga mtu ambaye hakuwa amegusa hata tawi.

Usisimame. Keti, Ebenyo, tafadhali. Sijamaliza, na kilichobaki ndicho kibaya zaidi.

Lomunokol alikuwa anajua. Siku ile ya pili ya kukata alikuja hadi mpakani kwa sababu ya mlio wa msumeno, akaniona nimesimama na Didace, nikimwonyesha mti unaofuata. Tukatazamana. Hakuja karibu. Nilipokuwa mbele ya wazee nilisubiri aseme, kila pumzi nilisubiri, na hakusema. Mwaka jana nikamfuata pale Kakuma anapokaa sasa, kando ya stendi ya mabasi, anashona akala, vile viatu vya matairi, kwa kuwa mguu haumfikishi popote. Nikamsalimu, ejok, akaitika, ejok, akanisogezea kigoda. Nikamwuliza mbona hukusema. Akaendelea kukata tairi. Akasema, "Wewe mke wa Lokorio, nilikuwa nimeshapigwa. Ningesema, wangekupiga na wewe, na mguu wangu usingepona kwa hilo." Basi, hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Nilikuwa nimekwenda ili anitukane, nilitamani anitukane, na yeye akaniuliza kama nimekula.

Sasa sikilizeni kwa makini, sauti inaniishia. Karatasi iliyo mfukoni mwa Ebenyo ni ya kuruhusu nguzo za stima zipite pale baada ya kona. Kampuni inataka kupeleka nyaya kutoka kwenye paneli hadi madukani, na pale ni njia ya mkato, na kila mti ulio chini ya waya unakatwa. Ile migunga tisa ndiyo iliyobaki. Kuanzia kona ya chini hadi kwa Lomunokol hakuna mingine, na pale nilipofagia mimi sasa ni mathenge matupu, ile miti ya miiba ya kigeni, ambayo mbuzi wakiila meno yanaoza. Ebenyo anataka kusaini kama mwenye ekwar. Mwanangu, wewe si mwenye ekwar. Hukuwahi kuwa. Ukisaini leo, utakuwa umekata miti ya Lomunokol, yaani utafanya kweli lile kosa ulilomsingizia hadi ukamvunja mguu.

Najua utasema nini. Utasema nyaya zitapita tu, tusaini au tusisaini, kwa sababu dunia imeshaamua, na mtu wa Tarach hawezi kuizuia dunia. Huenda uko sahihi. Mimi siwachukii watu wa sola. Nikisimama pale nyumbani naona taa za kambini, na sasa watoto wa kule wanasoma, na kina mama hawanunui tena mafuta ya taa, na hilo ni jambo jema, nalisema wazi. Lakini kwetu taa hazikufika, na hizo nguzo nazo zitapita bila kushuka. Walipotaka mafuta tulikuwa upande wa pili wa korongo, na sasa wanataka jua, tuko palepale, ila sasa hatuna hata miti. Sioni wapi mambo haya yatageuka. Nimetafuta, nikiwa nimelala hapa siku zote hizi, nimetafuta mahali pa kuwaambia tumainini hapa, na sijapaona, na sitawadanganya tena kwa sababu nimewadanganya vya kutosha. Ninachoomba hakitarudisha mvua. Ninaomba miti tisa irudi kwa mwenyewe, basi, na yeye ndiye aamue kama nyaya zipite au zisipite.

Ebenyo. Ebenyo, mwanangu.

Mwacheni. Namuar, usimshike mkono, mwache aende. Ana haki ya kutonisikiliza. Hiyo ni pikipiki yake? Simama mlangoni uniambie anaelekea wapi. Kama ni barabara ya Kakuma, amekwenda kwa Lomunokol. Angalia vizuri.

Mjini. Kule ofisini. Basi.

Didace, hujatoka? Asante. Ukirudi Kakuma nenda stendi, uketi na Lomunokol, umsikilizishe haya yote. Nakiru atakutumia kwenye simu yako. Yote, pamoja na kikohozi. Na wazee wa pale mtoni nao wasikilizishwe, wote waliokula yule ng'ombe, wamsikie mke wa Lokorio akisema kwamba Mungu alikuwa anajua na yeye pia alikuwa anajua. Namuar, wewe ni mdogo lakini mbuzi wako ndio waliokufa, kwa hiyo neno lako lina uzito. Usiwapeleke mbuzi wako chini ya ile migunga hata siku moja, hata wakilia, mpaka Lomunokol mwenyewe akuite. Kaka yako usigombane naye. Kosa lake lilitoka kwangu, na akirudi amesaini, mpe chakula kwanza kabla ya maneno.

Na mwili wangu. Desturi ni mama mwenye nyumba azikwe ndani ya zizi, kando ya mume wake. Msifanye hivyo. Nikunjeni katika lile shuka la bluu, mnitie kwenye gari, mnipeleke Kakuma hadi stendi, mbele ya kile kigoda, na mumwulize Lomunokol mimi nilale wapi. Akisema kwa Lokorio, iwe kwa Lokorio. Akisema mbali, iwe mbali. Akinyamaza, na mimi nilinyamaza siku yangu, basi nizikeni kwenye mathenge, pale nilipokuwa nafagia. Msimshawishi. Msimlilie. Mwulizeni mara moja tu, msubiri.

Nimechoka sasa. Leteni maji kwenye kile kikombe cha bati, niwabariki kama mama yangu alivyonibariki, kwa kuwatemea. Namuar, inamisha kichwa. Karibu zaidi, sikuoni. Nakiru na wewe. Mimi nasema, ninyi mnajibu, mnajua inavyokwenda. Semeni kwa nguvu, hata kama hamwamini, kwa sababu baraka haiulizi kama unaamini.

Mvua ipo? Semeni, ipo.

Mbuzi wapo? Wapo.

Watoto wa Nakiru wapo, na wa Namuar ambao hawajaja, wapo? Wapo.

Miti ipo?

Miti ipo?

Mbona mmenyamaza.

Haya. Si kosa lenu. Pokeeni, hii ni ya Namuar, na hii ya Nakiru. Mate ni machache, mdomo umekauka, lakini ni ya kweli. Didace, njoo na wewe, uliniuliza mara tatu.

Hii iliyobaki ndani ya kikombe ni ya Ebenyo. Nimekwisha kuitemea, ni yake, hata kama amesaini. Msiimwage, mumpe akirudi, ajipake mwenyewe kwenye paji la uso. Lakini jua la hapa Lodwar... hadi arudi litakuwa limeyanywa maji yote. Kiondoe hapo dirishani, Nakiru. Kipeleke nje... kiweke penye kivuli.